Cheti cha Chumba cha Nyuma

Nyumba ya Salat na Sadiyo ilikuwa na ngazi kumi na nne. Sadiyo alizijua zote, moja moja, kwa sababu alizipanda akiwa amekaa. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imechakaa. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akaweka mikono nyuma, akajivuta. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Bafu na choo vilikuwa juu, na mtu haendi chooni mara moja tu kwa siku.

"Nikifika huko juu nimeshasahau nilifuata nini," alimwambia mumewe.

Salat alicheka, lakini hakupenda kutazama. Akisikia mkewe anaanza kupanda, aliongeza sauti ya redio.

Walikuwa wamekaa Acocks Green, mtaa wa hapa Birmingham, Uingereza, miaka kumi na mitano. Salat alikuwa fundi wa mabasi. Sadiyo alipika katika shule ya msingi mpaka nyonga ikamkatalia. Wote wawili walikulia Eastleigh, Nairobi. Wakifurahi waliongea Kisomali, wakigombana waliongea Kiswahili. Majirani wanasema Kiswahili chao kilikuwa kizuri sana.

Mwaka 2006 waliamua kuhama. Walipata nyumba isiyo na ngazi, mitaa mitatu tu kutoka kwao. Sadiyo aliikagua kwa namna yake. Alisimama pale kitanda kitakapowekwa, akatembea mpaka mlango wa bafu, akahesabu hatua. Zilikuwa sita. Alirudi akahesabu tena, asije akawa amejidanganya. Mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anahamia kwa binti yake, alikubali kuwasubiri mpaka mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo angemuuzia mtu mwingine.

Ili wanunue ile, ilibidi kwanza wauze hii. Mnunuzi walimpata upesi. Aliitwa Indu, fundi cherehani aliyezaliwa Kisumu. Alipokuja kuona nyumba, alimkuta Sadiyo anamgombeza Salat kwa Kiswahili kuhusu viatu vya gereji kwenye zulia. Indu naye akaingilia kwa Kiswahili, akamuunga mkono Sadiyo. Baada ya chai moja wakawa kama wamejuana miaka. Alichokipenda zaidi Indu ni chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha kubwa na mwanga mzuri, na angeweza kuweka humo cherehani zake zote.

Sasa, hicho chumba cha nyuma kina hadithi yake.

Salat alikijenga mwaka 1999, pamoja na binamu zake wanne. Kwanza aliandika barua kwa halmashauri ya jiji kuwaarifu, kama alivyoshauriwa kazini. Mkaguzi wa majengo akaja. Alitazama msingi, akasema ni sawa. Alikuja mara ya pili, akatazama kuta na mabomba ya maji machafu, akasema ni sawa. Sadiyo alimpa chai ya viungo na sambusa za nyama. Mkaguzi alikula tano. Alipokuwa anaondoka, alimpa Salat kadi yenye namba ya simu. Akasema wakimaliza wampigie, aje kukagua mara ya mwisho.

Salat alitabasamu, akapokea kadi. Simu hakupiga.

"Mtu wa kanjo akiondoka ameshiba na hana hasira," aliwaambia binamu zake, "unamwita tena wa nini?"

Binamu wote wanne walikubaliana naye. Mtu aliyekulia Nairobi zama zile atawaelewa. Kanjo ni jina la watu wa halmashauri ya jiji kule. Salat alipokuwa na miaka tisa, kanjo walikuja kuvunja kibanda cha duka cha mama yake. Walimwaga sukari yote kwenye matope mbele yake. Tangu siku ile aliamini kwamba usalama wa mtu ni halmashauri kutojua jina lake. Hata risiti za saruji na matofali alizichoma nyuma ya nyumba, ili asibaki na ushahidi wowote. Alijiona mjanja kweli.

Miaka saba ikapita.

Siku moja mwishoni mwa Agosti, Sadiyo alikuwa anapekua mifuko ya ovaroli ya mumewe kabla ya kuifua. Alipata spana, peremende mbili, na barua iliyokunjwa mara nne, imejaa grisi. Ilitoka kwa wakili wao. Ilikuwa imeandikwa wiki tatu nyuma.

Alisoma mara mbili. Wakili alisema mawakili wa Indu wameuliza rekodi za halmashauri, kama inavyofanyika kila nyumba inapouzwa. Wamekuta kwamba ukaguzi wa chumba cha nyuma haukumalizwa. Wanaomba karatasi mbili kutoka halmashauri. Bila karatasi hizo, Indu hataendelea kununua.

Salat aliporudi jioni, barua ilikuwa mezani, imenyooshwa kwa pasi.

Sadiyo alimuuliza alikuwa anangoja nini. Salat alisema alikuwa anafikiria. Sadiyo alimuuliza alikuwa anafikiria nini kwa wiki tatu. Hapo wakahamia Kiswahili.

"Tukiwaita wataanza kupima," Salat alisema. "Wakianza kupima watapata kosa. Wakipata kosa watavunja. Wewe hujui hawa watu."

"Mimi najua ngazi kumi na nne," Sadiyo akamjibu. "Ungejua hizo, barua isingelala mfukoni hata siku moja."

Usiku ule Salat hakuwasha hata redio.

Kesho yake Sadiyo alichukua fimbo yake na ile barua, akaenda nyumba ya pili kwa Milka. Milka alitoka Kakamega, na alikuwa karani katika ofisi ya mawakili mjini. Kazi yake ilikuwa hizo hizo karatasi za kuuza na kununua nyumba. Alisoma barua, akauliza mambo mawili matatu, kisha akamwambia Sadiyo warudi wote, kwa sababu wa kuelezwa alikuwa Baba Najmo. Najmo ni binti yao mkubwa, aliyeolewa na kuhamia Newtown.

Walimkuta Salat anakunywa chai kabla ya zamu ya mchana. Milka alivuta kiti.

"Baba Najmo, huyo kanjo unayemficha chumba ndiye mwenye faili," alisema. "Lilifunguliwa mwaka 1999, siku uliyoandika barua. Halijafungwa mpaka leo. Wanajua chumba kipo. Wasichojua ni kama kilimalizwa vizuri."

Salat aliweka kikombe chini.

Milka alieleza polepole. Alisema watu wengi hudhani halmashauri ni ofisi moja na karatasi ni moja. Sivyo. Kuna ofisi ya mipango, nayo inauliza: je, chumba hiki kiliruhusiwa kujengwa hapa? Kuna ofisi ya ukaguzi wa majengo, nayo inauliza: je, kimejengwa kwa usalama? Maswali ni mawili, kwa hiyo vyeti ni viwili. Cha kwanza hakiwezi kufanya kazi ya cha pili.

Kwa ofisi ya mipango, wataomba cheti cha uhalali. Watajaza fomu, walipe ada, wapeleke ramani ya kiwanja na mchoro wa chumba. Pia watapeleka ushahidi kwamba chumba kimesimama zaidi ya miaka minne. Kwa ofisi ya ukaguzi, watamwita mkaguzi amalizie kazi aliyoianza. Akiridhika, atatoa cheti cha kukamilika kwa ujenzi. Milka aliongeza kwamba walikuwa na bahati. Kama Salat asingewaarifu kabisa mwaka ule, njia ingekuwepo bado, lakini ingekuwa ndefu zaidi.

"Na wakisema kivunjwe?" Salat aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto wa miaka tisa.

"Mimi siwezi kukuapia hawataona kosa," Milka alisema. "Wakiona, watakuandikia urekebishe nini. Lakini kwa upande wa mipango, chumba kama hiki kikishapita miaka minne, sheria haiwaruhusu tena kukivunja kwa sababu ya kukosa kibali. Kwanza mpigie wakili wako simu, mwambie ukweli wote. Halafu ofisi ya mipango wanachukua kama wiki nane. Leo ni tarehe ngapi?"

Wote watatu waligeuka kutazama kalenda ukutani. Kutoka siku ile mpaka mwisho wa Oktoba zilikuwa wiki tisa.

Sadiyo alimpigia Indu papo hapo, akamweleza kila kitu, hata habari ya barua kukaa kwenye ovaroli. Indu alisema wiki tatu zile alidhani wamepata mnunuzi mwingine, na Jumamosi ile alikuwa aende kuona nyumba nyingine. Sasa hataenda. Atasubiri mpaka mwisho wa Oktoba, siyo zaidi.

"Ungeniambia mapema, dada," alisema. "Karatasi kukosekana si ajabu. Kimya ndicho kilichonitia wasiwasi."

Ikabaki kazi ya ushahidi. Risiti zilikuwa majivu, na kila mtu alijua aliyezichoma. Barua za zamani za gesi na umeme hazikutaja chumba. Picha za miaka ile zilikuwa za nyuso za watoto tu, ukuta hauonekani. Milka akauliza kama hakuna sherehe yoyote iliyofanyika mle chumbani.

Salat na Sadiyo wakatazamana. Ilikuwepo moja. Mwaka 2000, sherehe ya wanawake ya arusi ya Najmo ilifanyika mle, na ilipigwa kanda ya video kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tarehe ilikuwa inaonekana kwenye pembe ya picha.

"Kanda hiyo haiendi kokote," Sadiyo alisema.

Alikuwa na haki. Mle ndani wanawake wamevua mitandio, wamesuka nywele, wanacheza. Aliwaahidi wote kwamba hakuna mwanamume atakayeiona kanda ile. Hata Salat hajawahi kuiona, na ni yeye aliyenunua kaseti. Sasa ipelekwe ofisini, wanaume wa halmashauri waitazame wakinywa kahawa?

Milka hakubishana naye. Alisema halmashauri haihitaji arusi. Inahitaji kuta, dirisha na tarehe, basi. Akapendekeza waitazame wao wawili, watafute kipande kisicho na mtu. Salat alitolewa nje. Alisimama bustanini chini ya mwavuli, manyunyu yanamnyeshea viatu, anatazama pazia lililofungwa.

Hawakuhitaji kutafuta mbali. Mpiga video siku ile alikuwa Sikuzani, rafiki wa Sadiyo, na alikuwa ameanza kwa kuijaribu kamera kabla wageni hawajafika. Picha ilionyesha chumba kisicho na viti wala wageni. Dirisha kubwa lilionekana, na mlango wa bustani, na ukuta uliopakwa rangi upya kwa ajili ya arusi, rangi haijakauka vizuri. Pembeni iliandikwa 12 Agosti 2000. Katikati ya chumba alikuwepo Salat na ufagio. Alidhani yuko peke yake. Alikuwa anacheza na ule ufagio, ameukumbatia, amefumba macho.

Sadiyo alicheka mpaka akashika nyonga. Milka alicheka mpaka akalala kwenye kochi.

Kisha kwenye kanda mwanamke alipita, amejifunga mtandio, amebeba sahani zimefika kidevuni. Alipita mbio. Alimpiga Salat teke dogo mguuni, akaendelea na mbio zake, akashuka ngazi moja ya mlango wa bustani kwa kuruka, sahani zote mkononi.

"Huyo nani?" Milka aliuliza.

Sadiyo aliacha kucheka. "Huyo ni mimi," alisema. Machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kukimbia ndani ya nyumba hii.

Walisimamisha kanda, wakamwita Salat aone kipande kile tu. Alijiona na ufagio, akaanza kujitetea. Halafu akamwona mkewe akipita mbio na sahani. Aliomba warudishe nyuma. Alitazama mara tatu, maji ya mwavuli yanadondoka kwenye zulia. Hakuna aliyemgombeza kuhusu zulia siku hiyo.

Alitoka, akaenda kwenye kabati la vikombe. Chini ya karatasi ya droo alitoa kadi ya mkaguzi, iliyogeuka manjano. Jamani, miaka saba yote alikuwa ameitunza. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, pale pale anapokaa Sadiyo, akapiga simu halmashauri mwenyewe.

Wiki ile kazi ilikwenda mbio. Wakili aliwaambia waendelee, na akapitia kila karatasi. Mwanamke wa duka la picha pale madukani alitoa picha kutoka kwenye kipande kile tu, Sadiyo akiwa pembeni yake. Walichagua ile yenye chumba chote na tarehe. Sadiyo hakuwemo, kwa hiari yake. Salat alikuwemo, na hakuulizwa. Sikuzani alikwenda mbele ya wakili akaapa kwa maandishi kwamba yeye ndiye aliyepiga video ile, siku ile, katika chumba kile. Kijana wa Sikuzani anayesomea uchoraji wa majengo aliwachorea chumba kwa vipimo. Milka alikagua fomu mstari kwa mstari. Akawaambia watoe nakala ya kila karatasi kabla ya kuipeleka, na waandike tarehe waliyoipeleka. Salat, yule mchoma risiti, alinunua faili la bluu, akaziweka humo zote.

Mkaguzi alikuja katikati ya Septemba. Alikuwa yule yule, ila nywele zimekuwa nyeupe na tumbo limeongezeka. Alifungua kitabu chake cha zamani, akaonyesha ukurasa wa mwaka 1999. Alikuwa ameandika msingi sawa, kuta sawa, mabomba sawa. Chini yake palikuwa patupu.

"Nilisubiri simu yenu," alisema.

Salat alimweleza ukweli, habari ya kibanda na sukari kwenye matope. Sijui Kiingereza cha Salat kilieleza vipi mambo yale, lakini mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye hajawahi kuvunja kibanda cha mtu. Kazi yake ni kuhakikisha dari haimwangukii mtu akiwa amelala.

Alikagua saa nzima. Alitaka kipande cha dari kifunguliwe ili aone boriti ya chuma iliyobeba ukuta wa juu. Pia alitaka king'ora cha moshi, kwa kuwa hakikuwepo. Salat alifungua dari kwa mikono yake. Boriti ilikuwa pale, imara, imekaa vizuri. Alifunga king'ora wikiendi ile ile, akaziba dari, akapaka rangi. Mkaguzi alirudi, akabonyeza king'ora mpaka jirani akachungulia, akaandika kwenye ule ukurasa uliokuwa mtupu. Siku chache baadaye cheti cha kukamilika kikaja kwa posta.

Cheti cha uhalali kilichukua muda mrefu zaidi. Wiki ya saba haikuleta kitu. Sadiyo alikuwa anasubiri posta amekaa kwenye ngazi ya kwanza, kwa kuwa hapo ndipo karibu na mlango. Milka aliwashauri wapige simu waulize, bila ugomvi, na wataje namba ya ombi lao. Salat ndiye aliyepiga. Aliambiwa karatasi iko mezani, inasubiri sahihi tu. Ilifika tarehe ishirini na tano Oktoba. Sadiyo aliisoma, akamsomea Salat, kisha akampigia Indu akamsomea na yeye.

Indu alinunua nyumba. Alimwambia Salat amesikia kuna picha yake kwenye faili la halmashauri, akicheza na ufagio. Salat alisema ni kweli, na kwamba itakaa humo hata baada ya yeye kufa, na wajukuu wakitaka kumwona babu yao waende ofisi ya mipango.

Walihamia nyumba isiyo na ngazi siku ya mwisho wa mwezi. Usiku huo Sadiyo alikwenda bafuni mara nne. Si mara zote nne alikuwa na haja.

Mwaka uliofuata Salat alitaka kubomoa kipande cha ukuta, ili mlango wa bafu uwe mpana na Sadiyo apite vizuri na fimbo yake. Kabla hajagusa nyundo alipiga simu halmashauri, akauliza kama kazi hiyo inahitaji karatasi. Akaambiwa ndiyo, kwa sababu ukuta ule unabeba paa. Aliarifu, akajenga, akamwita mkaguzi kila hatua. Na kazi ilipoisha, siku hiyo hiyo, kabla rangi haijakauka, alimwita mara ya mwisho.

Mkaguzi alipoingia, Sadiyo alitokea jikoni na sinia la chai na sambusa. Salat alinyoosha mkono kumzuia.

"Karatasi kwanza," alisema. "Chai baadaye."

Mkaguzi alicheka, akaingia bafuni na kitabu chake. Sadiyo aligeuka na sinia lake, akalirudisha jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Salat akaingiza mkono kwenye rafu kulitoa faili la bluu. Dakika kumi baadaye mkaguzi aliandika mstari wa mwisho, akawaambia cheti kitakuja kwa posta, na Sadiyo akalileta sinia tena. Chai ilikuwa bado ya moto.